Subira si kunyamaza



Ndugu yangu unayesoma, nimekuwa nikiulizwa swali moja kwa maneno tofauti: "Ustadh, nimesubiri mpaka nimechoka, usiku nalia. Je, imani yangu imepungua?" Ninajibu hapa ili wote tufaidike.

Wengi tumezoea kudhani mwenye subira ni yule asiyelia wala kusema, akiulizwa hali anajibu "alhamdulillah" huku moyo unaungua. Hebu fungua Surat Yusuf umtazame Nabii Yaaqub (A.S.). Alipoletewa ile kanzu yenye damu ya uongo alisema atashika subira njema. Haya, subira yenyewe ilikuwaje? Alihuzunika mpaka macho yake yakawa meupe. Wanawe wakamlaumu kwamba atajimaliza kwa kumkumbuka Yusuf, naye akawajibu kuwa huzuni yake anamshitakia Allah. Kisha akawaamuru watoke wakamtafute Yusuf na ndugu yake, wasikate tamaa. Ni mtu mmoja huyo: ana majonzi, anamlalamikia Mola wake, na anatuma watu njiani. Na bado ndiye mfano wetu wa subira.

Nasema haya kwa sababu ya ninayoyaona hapa Kiomboi. Mvua yetu ni ya msimu mmoja tu. Ikikatika mapema, mtama na alizeti vinakaukia shambani. Ikinyesha vizuri, bei nayo inaweza kukuangusha. Wakulima wa alizeti mnaukumbuka mwaka 2023. Hapo katikati ndipo inapoingia mikopo ya kausha damu.

Mzee mmoja wa rika langu aliacha kuja swala ya jamaa. Tukadhani anaumwa. Kumbe anaogopa kukutana njiani na anayemdai. Nilipomfuata nyumbani aliniambia kwa sauti ya chini, maana hata mkewe alikuwa hajui. Miezi minne amelala na deni kifuani, na yeye akiita hiyo ni subira.

Sikumhubiria kuhusu riba. Hukumu yake anaijua kama ninavyoijua mimi, na anayezama haulizwi nani alimtuma mtoni. Nilimwomba amwambie mkewe tu. Akamwambia nikiwa pale pale. Yule mama alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Ni kiasi gani?" Wallahi niliyaona mabega ya yule mzee yakishuka. Deni halikupungua hata shilingi, lakini kesho yake walikaa wawili wakahesabu: magunia yaliyobaki, mbuzi wa kuuza, rejesho la kila wiki, na nani aende kuzungumza na mdai.

Huko ndiko kuridhika ninakokufahamu mimi. Hulazimiki kulifurahia deni. Unaacha kugombana na Allah kwa lililokwisha kupita, ili nguvu uliyobakiwa nayo uitumie kwa la kesho. Na ukifikia kuomba msaada, omba. Surat At-Tawba, aya ya 60, imewataja wenye madeni miongoni mwa wanaostahiki zaka, kwa hiyo sijui hii aibu tumeitoa wapi.

Mtume (S.A.W.) mwenyewe alikuwa akikithirisha dua ya kujikinga kwa Allah na mambo kadhaa kwa pamoja: hamu na huzuni, kushindwa na uvivu, woga na ubakhili, kuelemewa na deni na kuonewa na watu. Tazama deni lilivyowekwa pamoja na huzuni. Aliyeifundisha dua hii aliwajua wanadamu. Muulize ustadhi aliye karibu nawe akufundishe matamshi yake, uwe unaisoma asubuhi na jioni. Ukiwa hujaihifadhi bado, usingoje. Inuka usiku wa leo, mwambie Mola wako kwa Kiswahili, au kwa Kinyiramba, kiasi unachodaiwa na jina la unayemwogopa. Anaelewa.