Msonge na Handaki Lake

Miaka mingi ya kazi yangu nimelishwa na mitaro. Nilizaliwa Kagera, nikasomea akiolojia Dar es Salaam, kisha nikaishia kwenye mashamba ya mashariki mwa Uingereza yanayogeuzwa kuwa mitaa. Kule, tangu serikali ilipotoa mwongozo wake wa 1990, anayejenga ndiye hugharimia uchimbaji kabla hajamwaga zege. Kwa hiyo kazi haikosekani, ila mikataba ni mifupi na matope ni ya mwaka mzima.

Katapila hutangulia, likikwangua udongo wa juu kwa makali yasiyo na meno. Nyuma yake tunafuata sisi, tumeinama, tunatafuta rangi. Msonge wa Zama za Chuma, wenye miaka zaidi ya elfu mbili, mara nyingi hauachi ukuta, na sakafu na meko huwa vimekwisha kuliwa na majembe ya trekta. Kinachoonekana ni duara jembamba jeusi, mfereji uliopokea maji ya paa, na ndani yake madoa ya mashimo ya nguzo. Pale duara linapokatika ndipo palipokuwa na mlango, mara nyingi upande wa mashariki au kusini-mashariki. Wenzangu walibishana wakati wa chai kama ni heshima kwa macheo au ni kukwepa upepo. Mimi sikuona kwa nini mwenye nyumba alazimike kuchagua moja.

Bibi yangu aliishi kwenye msonge, ng'ombe upande mmoja, nyasi za paa zikishuka hadi chini. Juu hapakuwa na tundu. Moshi ulipenya wenyewe kwenye nyasi na kufukuza wadudu. Lakini michoro ya zamani ya Uingereza ilitoboa kilele cha paa ili moshi utoke. Ilibidi Peter Reynolds, aliyeanza kuongoza shamba la majaribio la Butser mwaka 1972, ajenge misonge mizima na kuwasha moto ndani ndipo ieleweke kwamba tundu lingevuta cheche hadi kwenye nyasi.

Niliyemhusudu zaidi ni Gerhard Bersu, Mjerumani aliyeondolewa kazini na utawala wa Kinazi. Mwaka 1938 na 1939 alichimba Little Woodbury, karibu na Salisbury. Wataalamu walikuwa wakiamini kwamba watu wa kale waliishi mashimoni. Yeye akaonyesha kuwa mashimo yale yalikuwa ya kuhifadhia nafaka, na makazi yalikuwa msonge mkubwa wa nguzo. Mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini wakati wa vita wenyeji walimweka kizuizini katika kisiwa cha Man. Huko nako akachimba misonge, yeye na wafungwa wenzake, chini ya ulinzi.

Handaki linalozunguka boma ndilo lenye habari nyingi, na ndilo linalovunja mgongo. Hukatwa vipande kwa sururu na koleo, kisha ukingo husafishwa kwa mwiko hadi tabaka zisomeke: chini kabisa udongo uliomomonyoka mapema, juu yake udongo mweusi wenye vigae na mifupa ya kondoo. Wakati mwingine unaona wazi kwamba lilizibika, wakalichimba upya.

Siku moja, kwenye ncha ya handaki kando ya lango, mwiko wangu uligonga nusu ya jiwe la juu la kusagia, tundu la kutilia nafaka limepasuka katikati. Lilikuwa limelazwa kifudifudi, uso wa kusagia ukiwa laini kabisa chini ya vidole. Msimamizi aliandika "taka". Mimi nilichora kwa kipimo cha 1:10 na kuandika pembeni kwamba limewekwa, halikutupwa. Jiwe zito namna ile halilali lenyewe katikati ya ncha, sawasawa na lango.

Udongo ulioligusa ulipakiwa kwenye ndoo, ukaenda kuoshwa ili mbegu zilizoungua zielee. Mkataba wangu ukaisha kabla ya majibu. Nilikuja kuyasoma kwenye ripoti: ngano, magugu, na jiwe langu limeitwa amana ya makusudi. Jina langu lilikuwa kwenye orodha ya wachimbaji, limekosewa herufi mbili.