"Echoes" kwa Gitaa Kavu

Kaseti ilikuwa ya binamu yangu, aliyerudi nayo kutoka masomoni Uingereza. Upande mmoja wa albamu ya *Meddle* ya Pink Floyd umeshikwa wote na wimbo mmoja, "Echoes", wa dakika 23 na nusu. Enzi hizo nilikuwa mpiga kinanda wa kwaya, na nilichokipenda humo hakikuwa uimbaji. Nilipenda ule mlio mmoja wa mwanzo unaodondoka, ukanyamaza, ukadondoka tena. Nilipenda zaidi pale katikati, ngoma zinapotoweka, upepo unapoanza kuvuma na kitu kisichojulikana kinapopiga mayowe gizani. Beti nilizivumilia tu, nikisubiri wamalize kuimba twende huko mbali.

Nilipoanza kusoma habari za wimbo wenyewe, kiu yangu ilikuwa ya vyombo. Nikajua kwamba mwaka 1971 bendi iliingia studio za Abbey Road, London, bila wimbo wowote mkononi, ikarekodi vipande vipande na kuvipa jina la "Nothing" pamoja na namba. Ule mlio ulitoka kwenye piano ya Richard Wright, mpiga kinanda wa bendi, ukapitishwa kwenye spika ya Leslie, ambayo ndani yake kuna pembe inayozunguka. Walipotaka kuurekodi upya, haukutoka tena kama mara ya kwanza, ikabidi watumie ule ule wa majaribio. Na mayowe? Ni gitaa la David Gilmour, mpiga gitaa wao, pedali ya wah-wah ikiwa imechomekwa waya kinyumenyume. Habari hizo zilinifurahisha mno. Kumbe kilichonipeleka kwenye nyota kilikuwa waya uliogeuzwa.

Nikatafuta na filamu ya Pompeii waliyoipiga Oktoba 1971, ndani ya uwanja wa kale wa Warumi usio na mtazamaji hata mmoja, mchana wa jua kali. Hapo nilianza kuwaona watu. Lakini hata kwenye filamu macho yangu yalikuwa kwenye maspika.

Kilichogeuza mambo ni toleo la mwaka 2006. Gilmour alikuwa kwenye ziara yake binafsi na Wright yuko naye kwenye kinanda. Ikumbukwe kwamba Wright aliondolewa kwenye bendi enzi za albamu ya *The Wall*, akaendelea kupiga kama mwanamuziki wa kulipwa, na akarudi taratibu miaka iliyofuata. "Echoes" nayo ilikuwa imewekwa kando: mwaka 1987 waliipiga kwenye maonyesho machache ya mwanzo wa ziara, wakaiacha. Sasa wawili hawa wakairudisha jukwaani nzima nzima. Halafu, katika Abbey Road ile ile, wakaipiga kwa ufupi, Gilmour akiwa na gitaa kavu. Toleo hilo lilifichwa kama ziada kwenye DVD ya *Remember That Night* ya mwaka 2007, na mimi nililikuta baada ya kuwa nayo kwa muda mrefu.

Upepo haupo. Mayowe hayapo. Sehemu yote niliyokuwa nikiisubiri imekatwa, na wimbo haukupungukiwa na kitu. Zimebaki sauti mbili zinazopanda pamoja hatua kwa hatua. Kwenye santuri, sauti za vijana hao zimeungana hata huwezi kusema huyu ni nani. Hapa Gilmour ana miaka 60, Wright 63, na kiungo kinasikika: mmoja mzito na imara, mwingine mwembamba, mwenye mkwaruzo kidogo, anayeingia kwa uangalifu wa mtu anayeijua njia. Nilirudia beti zile nilizokuwa nikizivumilia. Ndipo nikasikia kwamba wimbo unamhusu mtu kumtazama mgeni na kujiona ndani yake, na kwamba lazima uimbwe na wawili.

Wright alifariki Septemba 15, 2008, kwa saratani. Tangu hapo Gilmour amesema waziwazi kwamba hataupiga tena bila yeye. Mwaka 2016 alirudi Pompeii, uwanja ule ule, safari hii mbele ya watu. Wengi walitamani "Echoes". Hakuupiga, na naamini alifanya haki. Mpiga kinanda hodari angeweza kuajiriwa, mlio ungepatikana kwenye mashine yoyote ya leo kwa kubonyeza kitufe kimoja, lakini ile sauti nyembamba isingepatikana.

Vijana ninaowafundisha kinanda hunijia wakitaka kujua ule mlio unatengenezwaje. Nawaonyesha, maana ni jambo la kuonyeshwa. Kisha nawakalisha wawili wawili na kuwapa beti ya kwanza waimbe bila chombo chochote, na hatugusi kinanda mpaka sauti zao zimekaa pamoja.