Kilo 11 za Kuandikia

Osborne 1 ilitoka Marekani mwaka wa 1981. Iliuzwa kama kompyuta ya kubebeka, ingawa ilikuwa na uzito wa kama kilo 11 na haikuwa na betri ndani. Unaibeba kama cherehani, ukifika unatafuta soketi. Skrini yake ilikuwa ya inchi 5, ndogo kuliko ya simu ambayo nimeandikia makala yangu mengi. Bei ilikuwa dola 1,795.

Na bado waandishi waliinunua. Nilisoma sana kuhusu kizazi hicho mwaka jana, kwa sababu nilikuwa na shilingi 20,000 na uamuzi wa kufanya.

Pesa hizo zilikuwa malipo ya makala 4 yaliyoingia kwa wiki moja, kitu ambacho hakijatokea tena. Mama alitaka nizipeleke chuoni. Niliacha masomo mwaka wa tatu karo iliponishinda, na kwake kila shilingi ninayopata ni ya kupunguza lile deni. Mimi nilitaka laptopu. Mwalimu wangu wa Kiswahili angesema kipakatalishi, lakini enda Moi Avenue uulize bei ya kipakatalishi uone vile watakuangalia.

"Kwani simu imefanya nini?" Mama akaniuliza.

Lilikuwa swali la haki. Hata wale watu wa Osborne walikuwa na taipureta ambazo hazijaharibika. Lakini Osborne ilikuja na WordStar, programu ya kuandikia, ndani ya bei hiyo hiyo. Ungeweza kutoa aya ukurasa wa 3, ukaipeleka ukurasa wa 9, bila kutaipu kitu upya. Kwa taipureta, kubadilisha aya ni kurudia ukurasa mzima, kwa hivyo mtu anazoea kuridhika na sentensi ambayo angeiboresha. Simu ilikuwa inanifanyia hivyo. Makala yakizidi maneno 1,000, nilikuwa naacha aya mahali pabaya kwa sababu kuihamisha kwa kidole ni vita.

Uingereza nako, mwaka wa 1985, Amstrad walitoa PCW 8256 kwa pauni 399 kabla ya kodi. Haikuwa mashine ya kutisha mtu. Lakini ndani ya bei hiyo ulipata skrini, kibodi, programu ya LocoScript na printa. Unafungua boksi, unasoma maelezo, na unaweza kushika ukurasa ulioandika bila kurudi dukani kununua kitu kingine. Kwa mwandishi asiye na mshahara, hiyo ni hesabu kubwa kuliko kasi. Shida yake ilikuwa diski za inchi 3, wakati dunia ilikuwa inahamia za inchi 3.5. Kazi iliyobaki ndani ya diski hizo, kuisoma leo ni shughuli.

Kwa hivyo niliingia mjini na maswali manne. Kibodi inavumilia vidole vyangu? Betri ikifa, naweza kuitoa nikaweka nyingine? Kazi yangu itafunguka kwa mashine nyingine? Na nikishalipa, nitabaki na kitu?

Muuzaji alinionyesha moja nyembamba inayong'aa. "Bro, hii ni moto." Betri ilikuwa imefungwa ndani kabisa. Nikamuuliza kuhusu ThinkPad X220 iliyokuwa pale kwa kona, mashine ya mwaka wa 2011. Akacheka. "Hiyo ni ya wazee." Tulibishana hadi 14,000.

Zile 6,000 zilizobaki nilimpa Mama. Hakusema kitu. Jioni hiyo akazilipa chuoni mwenyewe, kisha akanitumia ile meseji ya M-Pesa nione.

Deni bado lipo. Makala ya kwanza niliyoandika kwa X220 yalikuwa na maneno 2,600, na aya inayoyafungua ilizaliwa karibu na mwisho, nikaihamisha juu saa sita usiku. Mama aliyasoma yote kwa simu yake, mpaka chini. Kisha akauliza watalipa lini.