Makala Isiyorejelewa

Mwaka jana msimamizi wangu aliniuliza makala yangu imerejelewa mara ngapi. Nilinyamaza, kwani haikuwa imerejelewa hata mara moja.

Nilimkumbuka Oliver Lowry, mwanabiokemia wa Marekani. Makala yake ya mwaka 1951 kuhusu kupima kiasi cha protini ilikuwa imerejelewa zaidi ya mara 300,000 kufikia mwaka 2014, hakuna iliyoipita. Naye alikiri kwamba haikuwa kazi kubwa, ingawa ilimfurahisha kisirisiri! Watafiti waliihitaji mbinu ile maabarani kila siku, basi wakaitaja.

Yangu yahusu misamiati ya wavuvi wa Vanga. Nani ataihitaji kesho asubuhi? Mzee mmoja wa huko aliniomba nakala. Msimamizi sikumweleza hilo.