Je, Jina Lako Limo Daftarini?

Korona ilipoenea duniani mwaka 2020, serikali ya Marekani iliwalipa wakulima wake fedha taslimu ili kufidia hasara. Kwetu haikuwa hivyo. Mkopo wa Sh. trilioni 1.3 uliotoka Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 2021 ulikwenda kwenye madarasa, hospitali na maji. Mkulima alikuja kukumbukwa baadaye, kwa njia ya mbolea.

Bila shaka mnakumbuka bei ilivyopanda. Ugonjwa ulivuruga viwanda na meli, kisha vita vya Ukraine vya mwaka 2022 vikazidisha. Mwezi Agosti mwaka huo serikali ilianza kulipia sehemu ya gharama, na mfuko wa kilo 50 wa Urea ukashuka kutoka zaidi ya Sh. 120,000 hadi Sh. 70,000. Ila mkulima alitakiwa ajiandikishe kijijini kwake, kisha apate namba kwa simu.

Hapo ndipo nataka tuzungumze. Huku milimani Upare nani analima? Pita Mamba Miamba asubuhi uone ni nani ameinama kwenye tangawizi na maharage. Lakini wakulima walipoitwa kuandikwa, katika nyumba nyingi alikwenda baba, kwa kuwa ndiye kichwa cha nyumba na simu ni yake. Palipo na upendo na maelewano, mbolea hufika shambani. Je, baba akiondoka?

Mama mmoja katika umoja wetu wa akina mama kanisani alifiwa na mumewe kabla ya masika. Jina daftarini lilikuwa la marehemu, na simu ilichukuliwa na shemeji. Mbolea ya bei nafuu hakuiona. Mahindi yakawa ya njano, akavuna debe chache. Mimi ni muuguzi. Miezi iliyofuata nilimpima mtoto wake kliniki, na uzito ulikuwa unashuka. Maradhi mengine huanzia kwenye daftari.

Linganisheni na fedha za TASAF kwa kaya maskini. Huko mara nyingi anayepokea ni mama, na kaya yenye watoto wadogo hutakiwa kuwaleta kliniki. Akina mama hao nawaona: fedha ni kidogo, lakini huwa uji, daftari la shule na kuku wawili.

Wengine watasema mama kutaka jina lake liandikwe ni kumdharau mume. Someni Hesabu sura ya 27. Binti watano wa Selofehadi walisimama mbele ya Musa na wakuu wote wakadai urithi wa baba yao, na Mungu mwenyewe akasema wamenena haki. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 nayo inampa mwanamke haki sawa na mwanamume katika ardhi.

Basi, mzungumze na baba watoto jioni, kwa heshima, wakati hakuna ugomvi wala msiba. Muulize: shamba limeandikwa kwa jina la nani? Hati ya kimila inaweza kubeba majina yenu wote wawili. Nenda ofisi ya kijiji ukaulize jinsi nawe utakavyoandikwa, na laini ya simu isajili kwa kitambulisho chako. Mume anayekupenda hatapenda watoto wake walale njaa kwa kukosa jina.