Geuza Pakiti, Usome Mgongo Wake

Mwezi huu nimeomba nafasi niwaeleze jambo langu mwenyewe. Najua wengine watacheka, kwa sababu hapa kambini kila mtu anatafuta chakula, na mimi nakuja na habari ya kupunguza uzito. Naomba usome mpaka mwisho, ndipo ucheke.

Mimi niko na kiduka kidogo. Nauza sabuni, chumvi, kiberiti, na vile vitu vya pakiti: biskuti, karanga, pipi, viazi vya kukaanga. Mzigo nachukua Kasese, na mara moja kwa mwezi nashuka mpaka Bwera kumwona yaya yangu, ambaye anaishi karibu na mto Lhubiriha. Ukisimama pale unaona ng'ambo, Kongo yetu ile pale. Safari ni ndefu, na dukani nakaa kutwa nzima. Basi nikazoea kula biashara yangu mwenyewe. Gari ikisimama Kikorongo, nafungua pakiti. Mteja hajaja, nafungua pakiti. Wala sikuhesabu kwamba nimekula. Kwangu chakula ni bundu na sombe, na samaki ikipatikana. Biskuti ilikuwa kitu cha kudanganya tumbo tu.

Mwaka jana mwezi wa saba nilifika Bwera kichwa kinaniuma na macho yanaona giza. Yaya akanipeleka kliniki. Wakapima presha: 160 kwa 100. Wakanipandisha kwenye mizani: kilo 88, na mimi ni mtu mfupi. Muuguzi akauliza, "Mama, leo umekula nini?" Nikamjibu, "Tangu asubuhi sijatia kitu mdomoni." Sikusema uongo, niliamini hivyo. Lakini ndani ya mfuko wangu mlikuwa na pakiti mbili za biskuti, tupu, na chupa ya soda ya nusu lita, tupu.

Yaya akazitoa akaziweka juu ya meza. Nilitamani ardhi inimeze.

Yule muuguzi hakunigombeza. Alizigeuza pakiti, akanionyesha maandishi madogo ya nyuma. Kila pakiti ilikuwa gramu 100, na nguvu yake karibu kalori 450. Mbili ni 900. Soda ile ilikuwa na sukari zaidi ya gramu 50, yaani kama vijiko 13 vya chai, nazo ni kalori nyingine 200 na zaidi. Mwanamke mzima, kwa wastani, anahitaji kama kalori 2,000 kwa siku nzima. Kumbe mimi ambaye "sijatia kitu mdomoni" nilikuwa nimekwisha kula zaidi ya nusu ya siku, na jioni yaya alikuwa ananingoja na sahani ya bundu!

Niliogopa, na sababu ninayo. Mama yangu mzazi alianguka Butembo mwaka 2011 akitoka kuchota maji. Upande mmoja wa mwili ukafa. Alilala miezi minne, halafu tukamzika. Hakuna siku aliyowahi kupimwa presha. Watu walisema ni kurogwa, kwa kuwa alikuwa mnene na mwenye afya. Ndivyo tulivyokuwa tukisema: mnene na mwenye afya, kama kwamba ni neno moja.

Usiku ule kwa yaya sikulala. Nikakumbuka tulipofika Uganda mwaka 2018. Kitinda mimba wangu alikuwa amekonda sana; walipompima mkono kwa ule utepe, ukaonyesha nyekundu. Wakatupa zile pakiti za karanga iliyosagwa pamoja na maziwa, sukari na mafuta. Akina mama wengi mnazijua. Pakiti moja ni gramu 92 na ina kalori 500. Baada ya wiki chache mtoto akaanza kucheka tena, akakimbia. Mimi mwenyewe nilishuhudia kwamba kitu kinachoenea kwenye kiganja kinaweza kumwinua mtoto. Mbona sikuwahi kujiuliza kitu kingine cha kuenea kwenye kiganja kinamfanya nini mama yake? Pakiti ile na biskuti zangu hazitofautiani sana kwa nguvu. Tofauti ni kwamba ile imewekewa pia madini, vitamini na maziwa ya kumjenga mtoto mgonjwa, na inatolewa kwa kipimo. Mimi nilikuwa najitolea bila kipimo.

Nikirudi kupitia Kasese, niliingia duka kubwa kutafuta kitu "cha afya". Nikaona vile vipande virefu vya nafaka na asali, karatasi ya kijani, picha ya msichana mwembamba anakimbia. Nikafurahi, nikasema hiki ndicho changu. Halafu nikakumbuka kugeuza. Kipande kilikuwa gramu 40, na sukari ndani yake gramu 12, yaani vijiko vitatu. Katika orodha ya vitu vilivyomo, kile kilicho kingi zaidi huandikwa kwanza. Hapo sukari ilikuwa ya pili, halafu sharubati ya glukozi, halafu asali. Hao wote ni ukoo mmoja, wamebadilisha majina tu! Na bei yake ingenunua mafungu kadhaa ya ndizi mbivu pale nje. Nikakirudisha.

Tangu siku ile nimejiwekea mambo matatu. La kwanza, siangalii uso wa pakiti, nasoma mgongo wake. Neno "glukozi" lililoandikwa kwa herufi kubwa siyo dawa, ni sukari. La pili, naangalia hesabu ni ya nini: ya pakiti nzima, ya gramu 100, au ya kipande kimoja. Wengine wanaandika ya kipande kimoja, na ndani kuna vipande vinne. La tatu, nachagua kitu chenye majina machache ninayoyajua. Pakiti ya karanga kavu inasema karanga na chumvi kidogo, basi. Lakini hata karanga ina nguvu nyingi, gramu 100 inapita kalori 550. Kwa hiyo nakula zinazojaa kiganja kimoja, nafunga pakiti, naiweka mbali. Safarini nabeba ndizi mbivu mbili na chupa ya maji. Na kabla ya kutoka nakula maharage nyumbani, maana ukinunua kitu na njaa, macho hayasomi.

Shida kubwa haikuwa pakiti, ilikuwa watu. Nilipoanza kupungua, mama mkwe akauliza kama nimepata ugonjwa gani ninaoficha. Jirani mmoja alisema, "Sisi tunalia njaa, yeye anakataa chakula." Neno hilo liliniuma. Lakini tuseme ukweli: tangu mgao ulipokatwa mpaka asilimia 60 mwezi wa pili 2021, wengi tumeziba pengo na vitu vya bei ndogo, chai yenye sukari nyingi, mandazi, biskuti. Vinajaza tumbo, havijengi mwili. Unene wangu haukuwa shibe. Mtu anaweza kuwa mnene na bado amekosa chakula cha kweli. Jirani yangu na mimi tulikuwa na shida moja, ila kila mtu na sura yake.

Leo niko na kilo 83 na nusu. Ni kilo nne na nusu tu zimetoka, kwa miezi mingi. Presha mara ya mwisho ilikuwa 145 kwa 90. Bado si nzuri, na dawa nameza kila siku wala sitaacha mpaka kliniki waseme. Lakini napanda mlima wa kisima bila kusimama mara tatu.

Dukani biskuti bado nauza, nisiwadanganye, ndizo zinazolipa karo. Ila karanga na ndizi nimeziweka mbele, na mama akija na presha namgeuzia pakiti, tunasoma pamoja. Naomba jambo moja tu: mtoto mdogo, mama mjamzito, anayenyonyesha, na yeyote aliyekonda, habari hii ya kupunguza siyo yenu. Ninyi kuleni.

Wengine, kabla ya mwezi huu kwisha, nendeni mpimwe presha. Mama yangu hakupata nafasi hiyo. Haba na haba hujaza kibaba, na pakiti ndogo ndogo nazo zinajaza.

Kwa herini mpaka mwezi ujao.

Mama wa kiduka