Baba asiye na mshahara angali baba

Huku kwetu Katanga heshima ya baba ilishikamana na posho. Tangu wakati wa Union Minière, mfanyakazi alipewa bunga ya familia yake kwenye kazi. Mwaka 2003 Gécamines ilianza kuachisha watu zaidi ya 10,000. Nyumba nyingi zilibaki kula kwa shamba na kwa meza ya mama sokoni.

Ninajua baba wanaotoka asubuhi bila kazi, wanarudi usiku, kusudi watoto wasiwaone wamekaa bure. Mmoja aliniletea 1 Timoteo 5:8: «Pasteri, huu mstari unanihukumu. Niko mwanaume wa bure.»

Nilimwambia: soma tena. Paulo anasema «mtu», hasemi «mwanaume», na katika mstari wa 16 anataja mwanamke. Akila na Prisila mkewe walishona hema pamoja (Matendo 18:3).

Basi baba, rudi mchana. Lima pamoja na bibi, chota maji, uliza watoto habari ya masomo. Na wewe kijana, usiingie katika shimo la machimbo kusudi tu uitwe mwanaume.